Pikipiki ya bwana shamba: kutoka viwanja vya motokrosi mpaka matope ya Igowole

Tuanze na zoezi dogo. Jaribu kukumbuka pikipiki ya kwanza uliyowahi kuiona kijijini kwenu, kabla bodaboda hazijajaa kila kona. Naamini ilikuwa ya mmoja kati ya watu watatu: bwana shamba, mganga wa zahanati au padri. Ilikuwa ndefu, madigadi ya mbele imekaa juu mbali na tairi, egzosi imepanda ubavuni badala ya kulala chini, na tairi zina meno kama za trekta. Ikiwashwa ilitoa moshi wa bluu na mlio mkali kama msumeno wa kukatia miti. Watoto waliikimbilia, na aliyebahatika kupakizwa mpaka kwenye kona alikuwa na hadithi ya wiki nzima.

Leo naandika historia ya pikipiki hiyo. Najua wapo watakaosema, "Bwana mwandishi, nchi ina mambo chungu nzima, wewe unatuletea vyuma chakavu?" Naomba mnivumilie. Kwanza, pikipiki ile ilizaliwa kwenye mashindano huko Ulaya, na wengi waliopakizwa juu yake hawajui hivyo. Pili, kwa miaka mingi serikali ilifika kijijini ikiwa imekaa juu ya pikipiki hiyo. Tatu, zilizobaki zinaondoka upesi. Nyingine zinakatwakatwa na kuuzwa kwa kilo, nyingine zinanunuliwa na watu wa mjini wanaotaka kuzirudisha zilivyokuwa siku zinatoka kiwandani. Njia zote mbili zinaweza kufuta kitu ambacho hakijaandikwa popote.

Twende kwanza Ulaya, halafu tutarudi nyumbani Mufindi.

Motokrosi ni mbio za pikipiki kwenye ardhi ambayo haina barabara: matope, vilima, mashimo na mchanga. Mbio zinazotajwa kuwa za kwanza zilifanyika Camberley, kusini mwa Uingereza, tarehe 29 Machi 1924. Mchezo ukavuka bahari, Wafaransa na Wabelgiji wakauita moto-cross, jina linalotokana na pikipiki na mbio za nyika. Baada ya vita kuu ya pili, mwaka 1947, yakafanyika Uholanzi mashindano ya kwanza ya mataifa, Uingereza ikashinda. Mwaka 1957 ubingwa wa dunia wa injini za 500cc ukaanza rasmi, na bingwa wa kwanza akawa Bill Nilsson wa Sweden.

Pikipiki za mwanzo za mchezo huu zilikuwa nzito. Zilikuwa pikipiki za kawaida za barabarani, nyingi za Kiingereza, zilizovuliwa taa na kufungwa tairi zenye meno. Mabadiliko makubwa yaliletwa na injini ya mipigo miwili, ile mafundi wetu wanayoiita tu-stroki. Injini hii haina vali wala mambo mengi kichwani. Ina pistoni, silinda na matundu ya kupitishia hewa na moshi, na oili yake inaungua pamoja na petroli. Ndiyo maana moshi ule ulikuwa wa bluu. Ni nyepesi, ina nguvu kuliko udogo wake, na fundi mwenye spana chache anaweza kuifungua chini ya mwembe. Husqvarna ya Sweden na CZ ya Czechoslovakia zilitumia injini ya namna hiyo kuwashinda Waingereza miaka ya 1960. Mwaka 1970 Suzuki ya Japani ikabeba ubingwa wa 250cc ikiwa na mpanda pikipiki wa Kibelgiji, Joël Robert.

Wajapani hawakuishia kwenye vikombe. Mwaka 1968 Yamaha ilianza kuuza DT-1, pikipiki ya 250cc yenye umbo la motokrosi lakini ina taa, honi na mahali pa kufunga namba. Mtu aliweza kuipanda kwenda kazini Jumatatu na kuipeleka porini Jumapili. Iliuzwa sana Marekani, na baada yake zikafuata DT ndogo za 125 na 175, pamoja na XL250 ya Honda ya mwaka 1972 iliyokuwa na injini ya mipigo minne.

Kuna kifaa kimoja hapa naomba mkikumbuke, maana tutakikuta tena Igowole. Pikipiki za zamani zilikuwa na shokapu mbili nyuma, moja kila upande. Mhandisi Mbelgiji aitwaye Lucien Tilkens alibuni mfumo wa shokapu moja tu, iliyolazwa chini ya siti na tenki, ili gurudumu la nyuma lipande na kushuka zaidi bila kumrusha mtu. Yamaha ikaununua ubunifu huo, na mwaka 1973 Håkan Andersson wa Sweden akawa bingwa wa dunia wa 250cc akiwa juu ya pikipiki yenye shokapu moja. Miaka michache baadaye shokapu hiyo ilikuwa tayari kwenye DT za kawaida zinazouzwa dukani. Kwa hiyo bwana shamba aliyekuwa akivuka madaraja ya miti Mufindi akiwa na mfuko wa mbegu nyuma, alikuwa amekalia kifaa kilichoshinda ubingwa wa dunia. Hakuna aliyemwambia.

Sasa turudi nyumbani.

Anayeijua Mufindi hahitaji kuelezwa habari ya matope. Ukitoka Mafinga kwa barabara kuu ya kwenda Mbeya, unafika Nyololo, hapo unaiacha lami ya TANZAM na kuingia kushoto kuelekea Igowole, Kibao na Mgololo. Ni nchi ya ukungu, chai, misitu ya kupandwa na mahindi. Mvua zinaanza karibu Novemba na kukaa mpaka Aprili au Mei. Udongo wake ni mwekundu, ukilowa unateleza kama sabuni, ukikauka unakuwa vumbi linaloingia mpaka ndani ya saa. Kwa miaka mingi gari lilipita pale linapoweza, na lisipoweza lililala. Baiskeli ilibebwa begani. Pikipiki yenye madigadi ya juu, ambayo tope halijazani kati yake na tairi, na yenye gurudumu la mbele pana kipenyo chake, mara nyingi inchi 21, ndiyo iliyopita. Viwanja vya motokrosi vya Ubelgiji na barabara ya kwenda kijijini Mufindi mwezi Februari vinataka pikipiki ya aina moja.

Siasa nayo ilisukuma. Mwezi Mei 1972, mjini Iringa, TANU ilitoa azimio la "Siasa ni Kilimo". Mwaka huohuo ukaja mpango wa Madaraka Mikoani uliopeleka watumishi wengi wilayani, halafu watu wakahamishiwa kwenye vijiji katikati ya miaka ya 1970. Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa zikatajwa kuwa mikoa minne mikubwa ya mahindi, ghala la nchi. (Kumbuka Iringa ya wakati huo ilikuwa na Njombe ndani yake, iliyokuja kuwa mkoa mwaka 2012.) Mbegu bora na mbolea zikasambazwa, kituo cha Uyole pale Mbeya kikawa kinafundisha na kutafiti kwa msaada wa nchi za Nordiki. Yote hayo yalihitaji mtu wa kwenda kumwonyesha mkulima shambani kwake. Azimio linaandikwa mezani, lakini lazima mtu alibebe mpaka shambani, na mtu huyo alikuwa bwana shamba.

Afya nayo hivyohivyo. Mwaka 1983 na 1984 ulianza mradi wa lishe wa Iringa, chini ya UNICEF na Shirika la Afya Duniani kwa fedha za Italia, ukianzia kwenye vijiji 168. Watoto walipimwa uzito kijijini, na takwimu zikajadiliwa palepale na wazazi. Mradi ule ulisifiwa duniani kote. Soma ripoti za kazi za namna hii utakutana na vijiji, kilo na asilimia. Usafiri unakuwa mstari mmoja kwenye bajeti, na aliyeendesha kwenye mvua hayumo kabisa.

Yuko wapi sasa? Sehemu ya jibu iko kwenye herufi za namba. SU ilikuwa Shirika la Umma. STK na ndugu zake ni serikali. SM ni serikali za mitaa. DFP ni mradi unaofadhiliwa na wahisani, herufi zilizotokana na maneno ya Kiingereza. Za watu binafsi zilianza na TZ kabla ya mfumo wa T na tarakimu tatu, na siku hizi pikipiki ina MC. Ukiipata pikipiki ya zamani ukajua ilipita namba zipi, umejua nani aliinunua, nani aliitumia na ni lini serikali ilijitoa. Hiyo ni historia ya uchumi wa nchi hii iliyopakwa rangi kwenye madigadi.

Niliiona moja nilipokwenda Igowole kufuatilia habari ya mahindi. Fundi mmoja, kijana wa rika langu, ana kibanda cha kutengeneza bodaboda karibu na soko. Nyuma ya kibanda, kati ya fremu za Boxer na SanLG zilizokufa, ilisimama DT125 bila gurudumu la mbele, imeegemezwa kwenye gogo. Nilipouliza ni ya nani, akaniambia, "Ya mzee, bwana shamba mstaafu. Kuna mtu wa Dar anaitaka. Amesema niifufue iwe kama mpya."

Mzee mwenyewe alifika jioni. Tukaamkiana kwa kamwene za pale, nikampa shikamoo yake, tukakaa kwenye benchi la mbao. Alikuwa na koti zito na kofia ya sufi, maana baridi ya Mufindi haina mjadala. Nikamwomba anisimulie pikipiki yake. Akacheka. "Mwanangu, hiyo si pikipiki, hiyo ni mke mdogo. Imenilaza porini mara ngapi sijui."

Aliipata kwenye mnada mwishoni mwa miaka ya 1990, mradi aliokuwa akiufanyia kazi ulipofungwa. Kabla ya hapo aliiendesha miaka kadhaa kama mali ya mradi. Kwa hiyo yeye na chuma kile wamekaa pamoja zaidi ya miaka thelathini. Alipunguzwa kazini kama wengi wa wakati ule, serikali ilipokuwa ikibana matumizi, lakini wakulima hawakujua kama amepunguzwa. Waliendelea kumwita mahindi yakiingia wadudu, naye akaendelea kwenda kwa petroli yake mwenyewe.

Usiku ule fundi aliwasha taa, akaanza kunionyesha, na hapo ndipo nilipojifunza kuisoma pikipiki. Rangi ya tenki ilikuwa nyeusi, imepakwa kwa brashi. Alipokwangua kidogo kwa msasa ikatokea nyeupe. Chini ya nyeupe ikatokea ya kiwandani. Tabaka tatu: kiwanda, mradi, mzee. Kwenye madigadi ya mbele, chini ya nyeusi, herufi mbili zilisomeka kwa shida, D na F. Ya tatu ilikuwa imeliwa na kutu, lakini sote tulijua ilikuwa P.

Nyuma ya siti palikuwa na keria ya nondo iliyochomelewa moja kwa moja kwenye fremu. Si kazi ya Japani ile. Mzee alisema aliitengenezesha Mafinga ili bomba la kupulizia dawa lisimame wima bila kumwagikia mgongoni. Upande wa kulia wa fremu palikuwa na kiraka cha bati nene, mahali ilipovunjika siku alipotumbukia kwenye daraja. Pampu ya oili ilikuwa imeondolewa na tundu lake kuzibwa. Hii ya pampu naomba niifafanue. Yamaha ilikuwa na mfumo wa kuweka oili kwenye tenki dogo peke yake, na pampu ikaichanganya na petroli yenyewe. Ni mfumo mzuri, ila pampu ikigoma katikati ya msitu hakuna dalili, unashtukia injini imenoki. Mafundi wengi wa kwetu waliona bora waing'oe, mwenye pikipiki achanganye oili kwenye petroli kwa mkono wake. Ni uamuzi wa watu waliojua kwamba pampu mpya iko mbali sana na hawataipata.

Kisha akaniwekea pistoni mkononi. Juu yake, chini ya masizi, palikuwa na tarakimu 50. "Unajua maana yake?" Sikujua. Silinda ikichakaa inachongwa ipanuke kidogo, halafu inafungwa pistoni kubwa kidogo. Ya kwanza inazidi kwa robo ya milimita, inaandikwa 25. Ya pili inazidi kwa nusu milimita, inaandikwa 50. Tarakimu ile ilimaanisha kwamba injini hii haikuwa na silinda ya vipimo vya kiwandani tena, na huenda imeshachongwa mara mbili. Mara mbili mtu alisafiri kwenda kutafuta pistoni na ringi, na mara mbili ikaonekana pikipiki hii inastahili gharama hiyo.

Kwa msomaji wa leo anayeagiza spea kwa simu, ni vigumu kuelewa uzito wa jambo hilo. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bei za mafuta kupanda na mazao kushuka bei, nchi haikuwa na fedha za kigeni. Uliza wazazi wako habari ya foleni za sabuni na sukari. Kama sabuni ilikosekana, ringi ya pistoni ingetoka wapi? Mwaka 1984 serikali ililegeza, ikaruhusu mwenye fedha zake za kigeni aingize bidhaa, na mwaka 1986 tukakubaliana na IMF. Maduka yakaanza kujaa. Lakini miaka ile ya ukame ilikuwa imeshawafundisha mafundi wa nchi hii kuchomelea, kuchonga na kubadilisha, na pia ilikuwa imeshaua pikipiki nyingi ambazo zingepona kwa ringi moja.

Si sisi peke yetu. Mwaka 1988 Mmarekani Randy Mamola, nyota wa mbio za pikipiki za lami, alikwenda Somalia pamoja na Mwingereza Barry Coleman. Walikuta pikipiki za huduma za afya zimekufa mapema kwa kukosa matengenezo madogo tu. Kutokana na safari ile likazaliwa shirika la Riders for Health, lililoanzishwa rasmi mwaka 1996, likafanya kazi nchi kama Lesotho, Gambia na Zimbabwe. Hoja yao ilikuwa nyepesi: wahisani wanapenda kukabidhi pikipiki mbele ya kamera, lakini hakuna anayepiga picha ya kubadilisha cheni na kusafisha filta ya hewa. Kila mwenye kumbukumbu ya yadi ya halmashauri atakubaliana nao.

Kilichokuja kuziondoa kabisa pikipiki zile barabarani, hata hivyo, ni binamu zao. Mwaka 1976 Honda ilitoa CG125, pikipiki iliyobuniwa makusudi kwa nchi ambazo watu hupakia mizigo mizito na hawabadilishi oili kwa wakati. Injini yake ya mipigo minne ni rahisi na ngumu kufa. Viwanda vya China viliinakili kwa mamilioni, na miaka ya 2000 nakala hizo zikamiminika kwetu kwa majina ya Toyo, SanLG, T-Better na mengine. Bei ikashuka mpaka kijana wa kijijini akaimudu. Mwaka 2010 kanuni za leseni za usafirishaji zikaitambua pikipiki kuwa chombo cha kubeba abiria kwa malipo. Pikipiki ikaacha kuwa ya bwana shamba na padri, ikawa ya kila mtu. Mimi siulilii wakati ule. Mama mjamzito wa Igowole wa leo anapiga simu bodaboda inakuja, hangojei huruma ya mradi. Lakini mapinduzi hayo yaliitupa DT nyuma ya kibanda, na huko ndiko wanunuzi wa chuma chakavu wanakopita na mizani zao.

Na sasa amekuja mteja mwingine. Ulaya na Marekani pikipiki kongwe za motokrosi ni mali. Zina mbio zao, na madaraja ya mashindano hupangwa kwa umri na kwa vifaa, zenye shokapu mbili zikishindana peke yake. Afrika Mashariki nayo ina wapenzi wa mchezo, nenda Jamhuri Park pale Nairobi au Garuga na Busiika kule Uganda utawaona, ingawa wao wanatumia pikipiki mpya. Na hapa Dar wapo vijana wenye kipato walioanza kutafuta DT, XL na AG100 za zamani. AG, kwa asiyejua, ni kilimo hasa: Yamaha iliitengeneza kwa ajili ya wafugaji na wakulima, ina keria mbele na nyuma na cheni yake imefunikwa. Wanazinunua, wanazing'arisha, wanazipanda wikiendi. Sina ugomvi nao. Bila wao nyingi zingeshayeyushwa zikawa nondo.

Ugomvi wangu ulianzia kwenye keria. Mnunuzi wa ile ya Igowole alikuwa ametuma picha ya DT kwenye simu ya fundi: hivi ndivyo anavyoitaka. Rangi ya kiwandani, stika za kuagiza, na keria ile ya nondo ikatwe. Nikamwambia fundi kwamba keria ndiyo sehemu yenye thamani kuliko zote. DT zilizotoka kiwandani zikiwa na stika zake ziko nyingi duniani, lakini yenye keria ya bomba la dawa iliyochomelewa Mafinga ni moja. Fundi akaniangalia. "Kaka, maneno yako mazuri. Ila anayelipa hakutaka keria."

Nikaona mzee atanisaidia, nikamgeukia. Mzee akatikisa kichwa. "Mwanangu, ikatwe. Nina mjukuu anaanza kidato cha tano. Hiyo keria imenisaidia kazi, haiwezi kumsaidia yeye."

Nilikuwa na majibu ya chuo kikuu kichwani, habari za urithi na kumbukumbu ya taifa. Hakuna hata moja lililofaa kumwambia mtu ambaye taifa lilimpunguza kazini, naye akaendelea kuitumikia kazi kwa petroli yake. Kama kuna mtu ana haki ya kuamua pikipiki ile iwe nini, ni yeye.

Tukakubaliana hivi. Kabla ya spana yoyote kugusa, nilipiga picha kila upande, kila kiraka, kila tabaka la rangi. Nikaandika namba ya fremu na namba ya injini. Mzee akasimulia sehemu moja baada ya nyingine: hiki kiraka mwaka gani, hii spoki tofauti imetoka wapi, hii kabureta ilikuwa ya pikipiki gani. Fundi akasahihisha pale mzee alipochanganya, wakabishana, wakacheka. Ilichukua karibu siku mbili. Keria ikakatwa kwa uangalifu, mzee akaondoka nayo nyumbani. Pistoni yenye 50 ikabadilishwa, fundi akaiweka kwenye rafu yake. Tenki likatolewa kutu kwa kokoto na dizeli, likatikiswa mpaka mikono ikauma. Bushi za mkono wa nyuma zikachongwa upya, na ile shokapu moja chini ya siti, mjukuu wa shokapu ya bingwa wa 1973, ikasafishwa ikarudi. Pikipiki ikawaka kwa kiki ya sita. Ule moshi wa bluu ulipotoka, watu wazima waliokuwa sokoni waligeuka kabla ya watoto.

Kwa hiyo kwa wenzangu mnaotafuta pikipiki hizi, haya ndiyo niliyotoka nayo.

Ziko bado. Zitafute kwa wastaafu, kwenye parokia na misheni kongwe, kwenye mashamba ya chai, nyuma ya vibanda vya mafundi wenye mvi. Usianze na bei, anza na salamu na hadithi. Hakikisha kadi ipo na namba ya fremu inalingana nayo, maana chombo kilichotoka mnadani bila karatasi kitakuletea kesi. Zungusha injini kwa mkono kabla ya kupiga kiki: iliyokamatwa na kutu ukiilazimisha unavunja kilichokuwa kizima. Usiogope kiraka. Kiraka kinachoshika ni ushahidi kwamba palikuwa na fundi hodari.

Na kabla ya kukwangua rangi, andika. Daftari la kurasa mia linatosha: namba, herufi zilizofichwa chini ya rangi, nani aliendesha, alikwenda vijiji gani, kwa kazi gani, nani alichomelea. Daftari hilo likae ndani ya mfuko wa nailoni chini ya siti, liende na pikipiki kwa kila atakayeinunua baadaye. Nakala moja mwachie mwenyewe uliyemkuta nayo.

Makumbusho zetu zina magari ya wakubwa. Magari hayo yalipita kijijini mara moja, siku ya kukata utepe. Aliyepita kila wiki, kwenye tope, na mbegu nyuma, alipita na DT. Wengi wao bado wapo hai, wamekaa kwenye mabenchi kama lile la Igowole, na wanaongea vizuri tu ukiwauliza. Waulizeni sasa.